Bango la Mwanjelwa lililohamishia kijiji Belarusi

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama si mstari mmoja mwekundu.

Jina la duka silitaji. Fundi ananifahamu, namba yangu anayo, na natarajia kurudi kwake kabla ya mtihani wa muhula. Ni moja ya yale maduka ya kuchapisha mabango pale Mwanjelwa, Mbeya, unapanda ngazi nyembamba, unakutana na mlango uliobandikwa sura za maharusi na wagombea waliobaki ukutani tangu kampeni. Riziki yao ni harusi, sendofu, kipaimara na misiba. Mimi niliwapelekea kijiji cha Polandi.

Nafundisha jiografia sekondari ya kata huku Kyela, upande wa Kasumulu. Somo la mipaka ndilo linalonitesa kuliko yote. Kitabu kinasema mpaka wa mto ni wa asili, ukiuandika ubaoni watoto wanakutazama kwa huruma. Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, ukifurika unahama. Mwaka juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akasema, "Madam, shamba la babu lilikuwa huku, sasa liko ng'ambo, na babu hajahama." Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890 waliuchagua mto huo kama vile ni ukuta wa mawe. Nilitaka niwaonyeshe watoto mpaka wa aina ya pili, ule ambao mto umetulia mahali pake, ardhi imetulia, watu wamelala kwao, halafu asubuhi mstari ndio umehama.

Mdogo wangu anasoma Białystok, mji wa kaskazini mashariki mwa Polandi. Siku moja alinitumia picha ya msikiti wa mbao, wa rangi ya kijani, wenye minara miwili mbele kama kanisa la Kimoraviani, theluji imejaa mlangoni. Nikamwuliza huo ni msikiti wa wapi. Akajibu, "Dada, huku huku. Kijiji kinaitwa Kruszyniany. Ukitembea kidogo kuelekea mashariki umefika Belarusi." Nikajua nimepata somo langu.

Basi, duka.

Fundi alinipokea vizuri. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kofia ya sufu kichwani, maana ilikuwa Juni na Mbeya ya Juni mnaijua. Alinipa kiti, akaniita madam kabla sijasema nafundisha. Bei yake elfu kumi na mbili kwa mita ya mraba, na elfu kumi ya kupanga kazi kwenye kompyuta. Niliagiza bango la mita mbili na sentimita kumi kwa mita moja na nusu, lenye ramani katikati na picha pembeni. Tukakubaliana siku mbili. Zikawa tano, na kila nilipopiga simu nilijibiwa, "Usijali madam, lipo kwenye mashine." Ninyi mnaopeleka mabango ya misiba mnasubirije?

Kosa la kwanza lilikuwa langu, niseme ukweli. Mdogo wangu alinitumia ramani kwa simu kama picha, siyo kama faili, na ile picha ilibanwa njiani hadi majina ya vijiji yakawa kama siafu. Fundi aliikuza kwenye kioo, akatikisa kichwa, akaniambia nimwombe anitumie upya kama dokyumenti. Hapo nampa heshima yake. Wengine wangechapisha tu na kuchukua hela.

Kosa la pili ni la kompyuta yake. Kipolandi kina herufi ambazo sisi hatuna, ile "l" yenye kikamba tumboni na "s" yenye mkwaju kichwani. Mashine ya duka haikuwa na herufi hizo, kwa hiyo Białystok ikatoka Bia, kisanduku, ystok. Mto Świsłocz, ambao kwa kipande chake ndio mpaka wenyewe, ukaandikwa kwa visanduku viwili na herufi sita. Dawa yake nimejifunza: anayetengeneza faili ageuze maandishi yawe michoro kabla ya kutuma, hapo hakuna mashine itakayobishana.

La tatu lilikuwa la wino. Msikiti wa Kruszyniany ni wa kijani. Msikiti wa Bohoniki, kijiji kingine cha Watatari huko huko, ni wa mbao zenye rangi yake ya kahawia. Ni misikiti hii miwili tu ya zamani iliyobaki ndani ya Polandi baada ya Vita Kuu ya Pili, na niliweka picha zote mbili ili watoto waitofautishe. Wa kijani ukatoka wa bluu kabisa. Fundi akakiri wino wa njano ulikuwa umekaribia kuisha, na kijani bila njano hakuna. Alichapa kipande kidogo upya bila malipo, akakibandika juu ya kile cha kwanza. Kimebandikwa kwa unadhifu, lakini ukisimama pembeni utakiona kimevimba.

Sasa niwaambie kwa nini kijiji kidogo namna ile kina msikiti, maana kila aliyepita dukani aliuliza, na mteja mmoja wa kadi za harusi aliacha shughuli yake akasikiliza hadi mwisho.

Watatari hao ni Waislamu waliotoka nyika za mashariki, wakaingia kwenye dola ya Lituania na Polandi karne nyingi zilizopita wakiwa wapanda farasi wa vita. Waliruhusiwa kubaki na dini yao, sharti lao lilikuwa kuja na farasi na upanga wakiitwa. Karne ya 17 hazina ya mfalme ikakauka. Mishahara haikulipwa, na mwaka 1672 baadhi ya vikosi vyao vikaasi, vikaenda upande wa Waturuki. Jan Sobieski, alipokuwa mfalme, aliwarudisha, na kwa kuwa fedha hana, mwaka 1679 akawalipa kwa ardhi. Afisa aliyeitwa Samuel Murza Krzeczowski akapata Kruszyniany. Mwalimu yeyote aliyewahi kusubiri malimbikizo anamwelewa askari yule bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba sisi hatujapewa vijiji.

Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka 1683, kwenye vita vya Parkany, Krzeczowski huyo ndiye aliyemwokoa mfalme. Pia wanasema mfalme alipita kijijini akapumzika kwenye kivuli cha miti ya mbele ya nyumba ya afisa wake. Hiyo nimeiandika kwenye bango kama masimulizi, na neno masimulizi nimelipigia mstari.

Msikiti wenyewe ni wa tangu karne ya 18. Wanaume wana chumba chao, wanawake chao, na kati yao ukuta wenye uwazi wa kusikia. Kwenye kuta zimetundikwa aya zilizotiwa fremu. Nyuma, ndani ya miti, kuna makaburi, na mawe yake yana maandishi ya Kiarabu, Kirusi na Kipolandi, hayo matatu wakati mwingine kwenye jiwe moja. Lugha yao ya asili Watatari waliipoteza zamani, wanaongea kama majirani zao. Kijijini zimebaki familia zao chache tu, walio wengi ni Wakristo wa Kiorthodoksi. Mwenzangu anayefundisha maarifa ya Uislamu alitazama picha ya ile minara akauliza, "Hawa waliwatafuta mafundi wa kanisa?" Ndivyo inavyosemekana, maseremala walikuwa Wakristo wa maeneo yale, wakajenga kwa namna waliyoijua mikono yao.

Karibu na hapo kuna mji mdogo wa Krynki, nao kwenye bango umetoka vizuri kuliko kitu chochote. Katikati yake kuna bustani yenye pembe sita, na kutoka pale zinatawanyika barabara kumi na mbili kama miale. Watoto waliupenda mara moja. Mmoja alisema ni tairi la baiskeli. Mji ule kabla ya vita ulikuwa wa Wayahudi kwa sehemu kubwa, watu wa viwanda vya kuchuna na kulainisha ngozi. Wajerumani waliwaua. Hilo nililisema darasani kwa sentensi hizo hizo, nikanyamaza kidogo, nikaendelea.

Tufike kwenye mstari mwekundu.

Kwenye faili mpaka ulikuwa umechorwa kwa vistari vya zambarau vilivyofifia, unashuka upande wa mashariki ya kijiji. Fundi alipokuwa anasafisha kazi aliviona vile vistari akadhani ni mikwaruzo, akavifuta. Mimi nilipoona kwenye kioo nikapiga kelele, "Umefuta mpaka!" Akasema, "Usijali madam, naurudisha." Nikashuka kununua parachichi. Kurudi, bango limeshachapwa, na mpaka umerudi kweli, mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto. Ila aliuchora kwa kufuata barabara aliyoiona kwenye ramani, na barabara ile iko upande wa magharibi. Msikiti, makaburi, miti ya mfalme, vyote vikabaki Belarusi.

Sikugundua pale dukani. Jioni ilikuwa imeingia, taa ya duka ilikuwa ya njano, na mimi nilikuwa nawaza gari la mwisho la Kyela. Aliyegundua ni msichana wa mstari wa mbele, darasani, mbele ya mkuu wa shule: "Madam, umesema kijiji ni cha Polandi, mbona kiko ng'ambo?"

Nilitaka kuingia chini ya meza. Halafu nikaona somo limejileta lenyewe. Nikawaambia wapime unene wa mstari kwa rula. Sentimita moja. Ramani ya mdogo wangu ilikuwa ya karatasi ya A3, skeli moja kwa elfu hamsini, na bango limeikuza mara tano, kwa hiyo ni moja kwa elfu kumi. Sentimita moja ni mita mia moja za ardhi. Nikawauliza, mtu ambaye nyumba yake iko ndani ya ule wekundu ni raia wa wapi? Kelele iliyotoka hapo nadhani ilisikika Kasumulu. (Na hapa kuna jambo fundi halimhusu lakini wachapishaji wote mlijue: mkiikuza ramani, ile skeli iliyoandikwa kwa tarakimu inageuka uongo. Bango langu bado linasema moja kwa elfu hamsini. Skeli ya mstari ndiyo inayokua pamoja na ramani, msiikate kamwe ili kupata nafasi ya namba ya simu ya duka.)

Tukaanza kuhesabu mistari iliyopita pale kwa zamu. Mwaka 1795 majirani watatu walimaliza kuigawana Polandi, ikafutwa kwenye ramani. Eneo lile likawa la Waprusia, na mwaka 1807 likapewa Warusi. Baada ya Vita ya Kwanza Polandi ikarudi, na kijiji kikawa ndani kabisa, mpaka uko mbali mashariki. Septemba 1939 jeshi la Kisovieti likaingia, na kijiji kikawa chini ya Moscow. Juni 1941 wakaja Wajerumani. 1944 Wasovieti tena. Tarehe 16 Agosti 1945 Polandi na Muungano wa Kisovieti wakatia saini mkataba wa mpaka, na mstari ukaja kutua karibu kabisa na kijiji. Misikiti ya Watatari iliyokuwa kule Wilno, Nowogródek na Słonim ikabaki upande wa pili. Watatari wengi wakafungasha, wakahamia magharibi na pwani ya kaskazini, Gdańsk. Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika, jirani akabadilika jina akawa Belarusi. Mwaka 2004 Polandi ikaingia Umoja wa Ulaya, na uzio wa ng'ombe wa kijiji kile ukawa mwisho wa Umoja mzima.

Hapo bibi mmoja anayetuuzia maandazi, aliyekuwa amesimama dirishani na ndoo yake, akasema, "Hao si ndio Wapolandi wa Kidugala?" Ana asili ya Wanging'ombe, wilaya ilipo Kidugala. Sikuwa nimepanga kuwataja, lakini ana haki. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwabeba raia wengi wa maeneo ya mashariki ya Polandi kwa mabehewa hadi Siberia na Kazakhstan. Walioachiliwa na kutoka kupitia Iran, wengi wao wanawake na watoto, Waingereza wakawatawanya kwenye kambi za Afrika Mashariki. Tengeru ilikuwa kubwa kuliko zote hapa kwetu, na Nyanda za Juu Kusini zilipata Ifunda na Kidugala. Makaburi yao yapo hadi leo. Bibi alisema mama yake aliwauzia mayai. Kipindi kikaisha hapo, kengele ikagongwa, hakuna aliyetoka.

Nilimpigia fundi usiku ule ule. Mwanzoni alibisha, "Madam, nani atajua?" Nikamwambia wamejua watoto arobaini na saba. Akanyamaza, kisha akasema nilete faili, atachapa bango zima upya kwa nusu bei. Nililipa kwa simu, na safari hii nilimtaka anitumie picha kila hatua kabla ya kubonyeza.

Ni vizuri nilifanya hivyo. Kwenye kona niliweka ramani ndogo inayoonyesha vijiji vingine alivyogawa Sobieski, na kimojawapo kinaitwa Malawicze. Fundi, kwa wema wake, aliona jina limekosewa akalirekebisha. Akaandika Malawi. Kwa hiyo kwa dakika kama ishirini, kwenye kioo cha kompyuta ya Mwanjelwa, Malawi ilipakana na Białystok. Nilipomweleza alicheka mpaka nikasikia mtu mwingine dukani anamwuliza kuna nini. Wanafunzi wangu nao, walipoliona jina sahihi, ndilo la kwanza walilolikariri.

Bango la pili lilikuja kwa basi, limekunjwa ndani ya bomba la plastiki, nikamlipa konda elfu tatu. Lilipita Tukuyu kwenye mvua, juu ya keria, chini ya mikungu ya ndizi, na halikuingia tone. Hapo ndipo nyota zake zinapotoka. Kingo zimechomwa kwa joto zikakunjwa vizuri, vitobo vya kamba vina ringi za chuma ambazo hazijapata kutu mpaka leo, maandishi yanasomeka kutoka dawati la nyuma. Watoto wanaligusa kwa mikono yenye vumbi la chaki na jasho, nalifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, linang'aa. Msikiti ni wa kijani. Mpaka ni mwembamba, uko mashariki.

Kwenye toleo hili nimeongeza kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho. Mwaka 2021 watu kutoka Iraq, Syria, Afghanistan na hata Afrika walianza kupitishwa Belarusi kwenda kwenye misitu ile, wakasukumwa huku na kule katikati ya walinzi wa nchi mbili. Septemba mwaka ule serikali ya Polandi ilitangaza hali ya hatari kwenye vijiji vya mpakani, wageni wakakatazwa kuingia. Baadhi ya waliokufa msituni walizikwa Bohoniki, na Watatari ndio waliowaswalia. Mwaka 2022 ukakamilika ukuta wa chuma wenye urefu wa mita tano na nusu kwenda juu na kilomita 186 kwa marefu. Umbali huo unapita Mbeya hadi Kasumulu. Watoto wa hapa, ambao shangazi zao wanavuka Songwe asubuhi na kapu la dagaa na kurudi jioni, waliniuliza mara tatu kama nimesoma tarakimu vizuri. Mdogo wangu alipokwenda kule alisimamishwa njiani mara mbili aonyeshe hati. Alipofika kijijini alikula andazi la nyama, la unga uliokunjwa tabaka tabaka, linaitwa pierekaczewnik, akaniambia lingeuzika Kabwe, pale Mbeya.

Kwa hiyo, anayetaka kuchapisha kwa fundi huyu: peleka faili iliyokamilika, usishuke kununua parachichi, na mambo ya harusi mpe bila wasiwasi, uso wa bibi harusi hataufuta. Ukimpeleka ramani, kaa pale pale kwenye kiti alichokupa.

Bango la kwanza sikulitupa. Mama mkwe alilichukua, na msimu huu anaanikia mpunga juu yake, uani. Kuku wanakula kutoka upande wa Belarusi, kwa sababu ndiko jua linakoanza kupiga.